Mama Mkweche Afunga Mdomo

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkweche, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia, na maishani mwake hakuwahi kununua gari ambalo halijamchosha mtu mwingine kwanza. Wacheke wee, wachoke. Pesa ambazo wenzake walipeleka benki kila mwisho wa mwezi kulipia magari mapya, yeye alizigeuza matofali ya nyumba na karo ya binti yake wa pekee.

Sasa binti huyo, mwalimu, alikuwa amejibana mpaka akapata pesa za kununua gari lake la kwanza, nalo lililokwisha kutumika, kama yale ya mama yake. Akamwomba mama amsindikize.

"Ila mama, leo usiseme kitu. Niache niangalie mwenyewe."

"Haya, nimefunga mdomo," akasema mama, huku akijiuliza ataweza vipi.

Gari lilikuwa linang'aa kweli. Muuzaji, kijana wa maneno matamu, alifungua milango na marashi yakawapokea. Mama akavuta pumzi mara moja tu, moyo ukamlipuka. Marashi yote hayo ya nini? Akachungulia chini ya kiti, akaona skrubu zimeota kutu. Gari hili lilizama kwenye mafuriko. Nyaya zake zingeoza mmoja mmoja, na akiba yote ya mtoto ingeishia kwa mafundi. Na binti, jamani, alikuwa akicheka na muuzaji, mkono umeshaingia kwenye pochi. Ulimi ulimwasha mama. Akauma meno, akageukia ukutani, maana alishaahidi.

Alipogeuka tena, binti alikuwa amepiga magoti vumbini na sketi yake ya kazini, ameinua zulia la gari, amepenyeza kidole hadi chini. Kidole kikatoka na tope.

"Asante kwa muda wako, kaka," akasema akijifuta. "Hili limeshaoga mafuriko. Silitaki."

Muuzaji akaanza kujiumauma, lakini binti alishampa mgongo.

Walipokuwa njiani kurudi, ndani ya mkweche wa mama, binti akauliza, "Ulishajua, mama?"

"Tangu mlango ulipofunguliwa."

"Na kama ningelipa?"

"Ningepiga mayowe mpaka polisi waje, halafu ningekuomba radhi. Lakini hukulipa, mwanangu. Umenifurahisha mpaka sijui niseme nini."

Akapunguza mwendo, akazunguka kupitia barabara ya madukani, ili kila aliyekuwa barazani amwone amekaa na nani.