Koleta na Ufunguo wa Ghala

Koleta alikuwa na miaka kumi na saba na hajawahi kufundisha hata mbuzi. Ila Wamanyema walikuwa wanazidi kuingia Tabora kutoka Kongo, kwa njia ile ile ya misafara ya zamani, wanatafuta kazi ya reli, na reli ya Mwingereza ilitaka mtu ajue Kiingereza japo cha kuombea maji. Koleta alikuwa nacho, alikitoa shule ya misheni. Akasema nawafundisha mimi, bure. Nani kamtuma? Hakuna.

Akaomba ghala tupu la ngozi kule Mtendeni. Msimamizi wa ghala hilo, mzee Alois, akakubali kwa shingo upande. "Wanaume wazima hao, binti. Jumamosi nakuja. Nisiposikia Kiingereza, nafunga."

Siku ya kwanza Koleta akaingia na fimbo, kama masista wake. Akaamuru wote wasimame. Yaani watu wana mvi, wamsimamie binti ambaye hata shikamoo hajatoa. Hakuna aliyeinuka. Akasema sentensi warudie, kimya. Kesho yake nusu hawakuja.

Akalia kidogo, halafu akasema siachi. Siku iliyofuata fimbo akaiacha nyumbani.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitika, na mzee Mfaume mwenye ndevu nyeupe akamuuliza, "We binti kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Ahaa, mtani wangu. Ndiyo maana una shingo kama mbuni."

Ghala zima likacheka. Wanyamwezi na Wamanyema ni watani bwana, tangu enzi za misafara. Wanatukanana na hakuna kununa, na mtani akichukua kitu chako huwezi kumdai, unamwomba tu.

"Na wewe ndevu zako kama mkia wa punda," Koleta akajibu. "Ngoja nirudie kwa Kiingereza." Akarudia.

Mfaume akasogea mbele. Kutukanwa na mtani ukakosa jibu ni aibu kubwa. "Nipe jibu lake," akasema. "Nipe upesi."

Basi ikawa hivyo. Pua, miguu, punda, mkwe, uji mbichi, yote yaliingia vichwani kwa njia ya matusi. Hata waliokimbia walirudi, maana nani akubali kutukanwa hayupo?

Jumamosi Alois akasimama mlangoni, ufunguo mkononi, akasikiliza. Kiingereza kidogo alikuwa nacho. "Haya ni matusi," akasema. "Nafunga. Tokeni."

"Ni matusi ya Kiingereza," Koleta akasema. "Ulitaka kusikia Kiingereza, umesikia. Sitoki."

"Utatoka."

"Sitoki, baba."

Mfaume akainuka taratibu. "Mzee mwenzangu, kwenu wapi?"

"Tura. Mnyamwezi mimi."

"Nilijua tu, kwa hilo tumbo." Akauchomoa ufunguo mkononi mwa Alois, akautia mfukoni, akarudi kukaa.

Alois alijua mila ya utani. Akinuna, mji mzima utasema kamnunia mtani. Akanyoosha mkono. "Haya, naomba ufunguo wangu."

Mfaume akamjibu kwa Kiingereza, neno moja moja, kwamba Kiswahili hakielewi.

Darasa likaanguka kwa kicheko. Alois akamgeukia Koleta. "Mwambie anipe."

"Mwombe mwenyewe, baba. Kwa Kiingereza." Akamsogezea gunia la kukalia. "Kaa hapo. Leo tunaanza na tumbo."