Koti Lililokataa Gloria

Papa Philémon Mushagalusa alifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi ya Kadutu, na kwa miaka ishirini aliongoza korali ya paruwasi yao ya Kikatoliki. Alikuwa mpole kupita kiasi. Akijikwaa kwenye kiti, alikiomba kiti msamaha. Mahali pekee ambapo upole huo ulimtoka ni mbele ya waimbaji: hapo mikono yake ilipaa, ikavuta soprano huku, ikazima besi kule, na watu wazima arobaini wakatii kidole chake kimoja zaidi kuliko walivyowatii waume na wake zao nyumbani.

Kwa kuadhimisha miaka hiyo ishirini, korali ilichanga, ikamnunulia kostimu ya buluu, koti na suruali yake, huko Grand Monsieur, duka la vioo pale Nyawera, lenye sanamu tatu za wanaume wasio na vichwa dirishani. Gisèle, mwenyekiti wa korali, alimkabidhi mbele ya wote. Papa Philémon aliijaribu palepale, amesimama wima, mikono chini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kila mtu alipiga makofi.

Jumapili iliyofuata, kwenye Gloria, aliinua mikono. Ilifika usawa wa mbavu, ikagoma. Akalazimisha. Koti zima likapanda pamoja nayo, kola ikamziba masikio, na kichwa chake kikazama ndani kama cha kobe. Soprano walidhani ni ishara ya kushikilia noti, wakaishikilia mpaka mmoja akakohoa. Teno walidhani wameambiwa wanyamaze, wakanyamaza. Kwenye Sanctus, kwapa la kulia likapasuka: krrr.

Nyumbani, mke wake, Adèle, aligeuza koti ndani nje. Mikono ilikuwa imeshonewa chini mno, karibu na mbavu, na hapakuwa na kitambaa cha ziada hata cha upana wa kidole.

"Hii, sindano haiwezi," alisema. "Uwarudishie."

Angeweza kurudia shati lake la zamani. Lakini kostimu ilitoka kwa watu arobaini, na wote arobaini wangekuwa mbele yake Jumapili, wakiitafuta kwa macho. Jumatatu, baada ya masomo, akateremka Nyawera.

Kwenye kaunta alikuwapo dada mmoja aitwaye Charlène, mwenye tabasamu lililokuwa tayari kabla mteja hajafungua mlango.

"Karibu, Papa. Bienvenue kwa Grand Monsieur."

"Asante, mama. Munisamehe. Nilikuwa naomba munibadilishie hii koti. Iko na défaut, mikono haipande."

"Facture?" Akatoa risiti aliyopewa na Gisèle. "Sachet yetu?" Akatoa mfuko wa duka. Charlène akalinusa koti kwapani. "Papa, muliivala?"

"Ndiyo."

"Basi iko occasion, nguo ya mutumba. Hapa hatupokee occasion."

"Lakini bila kuivala, ningejua namna gani kama iko na défaut?"

Charlène alilifikiria swali hilo kwa dhati. "Mungetuuliza mbele ya kuivala, Papa. Tungewaambia."

Alimtuma nyuma ya duka, kwa Papa Évariste, aliyekaa kati ya marundo ya katoni chini ya kibao kilichoandikwa "Responsable Qualité", yaani msimamizi wa ubora. Évariste alipima mikono ya koti. Akapima mgongo. Halafu akapima mikono ya Papa Philémon mwenyewe.

"Koti iko sawa," alisema. "Ni mikono yenu njo inapanda sana."

"Mimi ni chef wa korali."

"Aaa! Mungesema. Hii ni costume ya cérémonie. Kwa cérémonie mutu anakaa. Akisimama, anasimama tu. Hakuna fasi waliandika kama ataweza kuinua mikono."

"Na akitaka kusalimia mutu?"

"Anasalimia chini."

Akampa fomu ya malalamiko. Mwalimu alikuta makosa matano ya tahajia, akapigana na mkono wake usitafute kalamu nyekundu. Kasoro zilikuwa za aina nne tu: kifungo, zipu, rangi, kipimo. Hapakuwa na mahali pa mikono kutoinuka, wala pa mengineyo.

"Niweke alama wapi?"

"Popote, Papa. Ni formalité, desturi tu."

Kipimo kilikuwa kimeshasemwa kuwa sawa, kwa hiyo akachagua kifungo. Évariste akagonga muhuri. "Mutapita siku ya ine."

Alhamisi alipewa jibu lililoandikwa kwa mashine: vifungo vyote vimekaguliwa na vyote vipo, kwa hiyo malalamiko hayana msingi. Alipofika barabarani ndipo alipogundua kwamba amewashukuru.

Wiki iliyofuata, baada ya Jumapili ya kuongoza kwa shati la zamani, alirudi na koti lake, akaomba kumwona patron, mwenye duka. Patron, Papa Apollinaire, aliteremka ngazi polepole, amevaa kostimu ya buluu. Ilikuwa ileile, kifungo kwa kifungo.

"Mwalimu, hii costume mimi navalaka kila siku. Siyaona shida."

"Kila siku, patron?"

"Kila siku! Kazi ya patron ni nini? Kukaa na kusaini."

Baadaye Papa Philémon alimwapia Adèle kwamba hakukusudia ubaya wowote. Alitaka tu kuona koti jingine.

"Na zile za gris, kule juu, ziko za taille gani?"

Charlène alikuwa na mteja. Évariste alikuwa mbali. Patron akageuka, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu. Kola ikamziba masikio. Krrr. Bitana nyeupe ikachungulia kwapani, na mkono ukabaki hukohuko juu, kwa maana koti halikutaka kuuachia.

"Pole, papa," alisema maman mmoja aliyekuwa akichagua tai.

Évariste alikuja mbio na kigoda. Walipomwokoa, patron alivua lile la buluu, akavaa la kijivu kutoka rafu ileile, akajitazama kwenye kioo, akainua mikono yote miwili, mara mbili. Akaridhika. Akaanza kupanda ngazi.

"Na mimi, patron?"

"Ninyi, mwalimu, mujaze formulaire."

Papa Philémon alirudi kwenye kaunta. Alisubiri neno "samahani" limtoke kama kawaida, lakini halikuja.

"Dada," alimwambia Charlène kwa sauti aliyozoea kuwatolea teno, "sitoki hapa."

Akakaa kwenye kiti cha kujaribia viatu, akatoa madaftari ya imla, akaanza kusahihisha. Wateja walioingia walimwona mzee mwenye kalamu na miwani, wakadhani ni mtu wa duka.

"Papa, hii koti ya bwana yangu iko muzuri?"

Kudanganya hakujua. "Mumuambie ainue mikono kwanza, maman."

Bwana akainua. Wakatoka. Wa pili akainua, akatoka. Wa tatu hakuinua hata. Alisikia tu sauti ya kwapa la wa nne.

Saa kumi na moja Charlène alikuja na fomu mkononi na koti la buluu la Papa Philémon begani. Alitazama juu ya ngazi, akamtazama Évariste aliyekuwa akijificha nyuma ya katoni. Akashika kifungo cha katikati, akakata uzi kwa meno, akakitia kifungo mfukoni mwake.

"Papa, muone. Bouton moja inapotea."

"Lakini ile bouton..."

"Inapotea, Papa. Sasa réclamation iko na musingi."

Akagonga muhuri, akamfungia koti la kijivu.

Jumapili aliongoza akiwa na koti la kijivu juu ya suruali ya buluu. Gisèle aliwaeleza wote waliomuuliza kwamba sasa Kinshasa wanavaa hivyo. Mikono ilipaa, na Gloria ikaenda mpaka mwisho.

Lakini kifungo kilimsumbua. Jumamosi iliyofuata alienda kuungama kwa Abbé Patrice, padri wa paruwasi. Alimweleza kila kitu: kwamba alikubali uongo, kwamba alifurahi koti la patron lilipopasuka, na kwamba furaha hiyo bado haijaisha.

Abbé akasogea karibu na wavu.

"Duka gani?" aliuliza Abbé.

"Grand Monsieur, Père. Ya Nyawera."

Abbé akachungulia nje kama kuna anayesubiri.

"Utasali Baba Yetu tatu." Abbé akashusha sauti. "Na ule dada, anatumikaka kwa duka siku gani?"

"Siku zote, Père. Juu ya nini?"

"Nilinunuaka pale suruali."