Sahani ya Waingereza Siku ya Posa

Mimi shule niliishia darasa la pili, na sioni haya kulisema, maana wanangu wote niliwalea kwa vitumbua nilivyokaanga mwenyewe uani kwetu Kariakoo. Kwa hiyo mambo ya ile sahani msitarajie niwaeleze vizuri. Sikuyaelewa siku ile, na leo bado.

Mume wangu alikuwa mpishi wa mzee mmoja Mwingereza. Mzee yule alipofunga virago kurudi kwao, akamwachia santuri ya betri na sahani zake nyeusi za kuzungushwa juu yake. Tukadhani muziki. Wapi! Mtu anasema. Anasema peke yake, puani, kama ana mafua, na nyuma yake watu wanaangua kicheko. Mume wangu, ambaye Kiingereza cha jikoni kilimwingia, akatufasiria: visa vya mabwana na mabibi wa kule kwao, zamani kabla ya vita vya Mjerumani, watu wasio na kazi ila kualikana chai. Bibi mmoja kamimina maziwa kikombeni kabla ya chai, bibi mwenziwe, mkwe mtarajiwa, kamwona, kauvunja uchumba wa watoto hapo hapo.

"Halafu?" nikauliza.

"Basi, ndiyo hivyo," akasema, anafuta machozi ya kucheka.

Nikamtazama. Maziwa yatangulie, yafuate, si yote yanakwenda tumboni? Na sisi sukari yenyewe tunaipangia foleni.

Lakini alijivuna nayo sana. Siku wakwe walipokuja kumposa binti yetu mkubwa, akataka waone wamefika kwa mtu. Nikamwambia, "Baba watoto, weka taarabu." Hakusikia.

Baba wa kijana alikuwa balozi wa nyumba kumi, Mnyamwezi, mtu wa Chama, hana mchezo. Akapiga hodi, ile sauti ya puani ikamjibu kwa Kiingereza. Akasimama kizingitini na mshenga wake nyuma.

"Ndugu, nani huyo anaongea?"

"Hadithi tu, mzee. Za makabaila wa Uingereza."

"Makabaila! Wenzako tunawatoa mlangoni, wewe unawapa kiti sebuleni?" Akamgeukia mshenga. "Umenileta nyumba gani hii?"

Mshenga akakumbatia sinia lake la posa, kageukia njia waliyojia. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia, anasikia yote. Alikuwa kamngoja kijana yule, kawakataa wengine kwa ajili yake. Na baba yake, pamoja na Kiingereza chote kile, anahangaika na sindano ya santuri!

Nikaropoka mimi. "Mzee, huyo hawasifu! Anawasimanga mpaka chai yao. Huyo ni mtani wao."

"Mtani?"

"Mtani, kama ninyi na sisi Wazaramo. Nani mwingine angewatukana vile, watu wakacheka badala ya kumpiga?"

Kama ni kweli, sijui. Sijui hata kama Waingereza wana watani. Mume wangu alinikodolea macho kama nimecheka msibani.

Balozi akaketi. Akaamuru kisa kianze upya, afasiriwe polepole. Pale pa maziwa hakucheka. Akauliza, "Huyo bibi aliyevunja uchumba alifanya kazi gani?"

"Hana kazi, mzee."

"Na hawa wanaocheka, nao?"

"Hapo sijui, mzee."

"Hm."

Kapenda, kachukia, sikujua. Akamwashiria mshenga, posa ikasemwa, ikapokelewa, wanawake uani wakapiga vigelegele.

Ndipo balozi akainuka, akaibeba santuri kifuani, sahani zote kwapani.

"Mzee, unaipeleka wapi?" mume wangu akauliza.

"Kwangu. Mtani haombi, Mzaramo wewe, mtani huchukua. Au nawe utavunja uchumba kwa kitu kidogo?"

Mila ni mila. Mtani akichukua chako, ukilalamika umejiaibisha. Lakini mtani huchukua jogoo, huchukua mkeka. Santuri nzima? Alikuwa anatania, au ni balozi anatwaa vitu vya kikabaila, au kaitamani tu kama mtu mwingine? Nilimtazama usoni mpaka akatoka, uso haukuniambia neno. Uani vigelegele vikapanda, wenyewe hawajui wanashangilia nini.

"Baba watoto," nikasema, "tumeozesha au tumeporwa?"

"Wewe ndiye uliyeleta utani," akanijibu, akaenda nyuma ya pazia kwa binti yake, aliyekuwa analia na kucheka kwa pamoja.