Mlima wa Samadi

Naikumbuka Jumapili moja ya ujana wangu, mwanangu Adventina, na tangu jana uliponionyesha katuni yako kwenye simu sijatulia. Nakaa, nainuka. Nimeweka ndizi jikoni nikasahau chumvi. Basi ziweke chini hizo penseli unisikilize mama yako mkubwa, maana keshokutwa unaionyesha ukumbini na mimi sina muda wa kuzunguka.

Kwanza nikusifu, usije ukadhani nina husuda. Umechora kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, ukazipiga picha moja moja mpaka yule mama mwenye ng'ombe mmoja akatembea kweli na kikapu cha samadi kichwani, akawagawia majirani, migomba yao ikanenepa. Hapo nilicheka kama mtoto. Halafu akaja tajiri mwenye zizi kubwa, asiyempa mtu hata kiganja kimoja, na mlima wake wa samadi ukakua, ukakua, ukamwangukia. Nikaacha kucheka. Tajiri huyo anachechemea mguu wa kushoto. Ana kofia ya pama na koti refu la kaki. Mwanangu, kuanzia hapa Kimuli mpaka Bugomora, nani asiyemtambua jirani yetu Ta Gosbert?

Utasema ni mkono wa birika kweli. Ni kweli. Amefunga lango la zizi, na kibanja chenu cha migomba sasa kinazaa vijikungu vya kuona aibu kumpikia mgeni. Hasira yako naielewa. Lakini nikupeleke kidogo Kanoni, kwetu, kabla sijaolewa huku.

Baba yetu mimi na mama yako, babu yako uliyemkuta kwenye picha ya ukutani tu, alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote pale. Na alikuwa mchoyo. Sisemi alisingiziwa. Wenzake waliwaacha majirani wazoe samadi, na majirani wakawaletea maganda ya ndizi ya kulishia ng'ombe, ndivyo watu walivyoishi. Yeye maganda alipokea, samadi hakutoa.

Vijana wa kwaya wakatengeneza sinema ya boksi. Simu hatukuwa nazo. Walitoboa dirisha kwenye boksi la sabuni, wakagundisha michoro kwa uji mzito ikawa utepe mrefu, wakauzungusha kwa vijiti viwili huku tochi ikiwaka nyuma yake. Baada ya ibada tukajazana darasani. Baba alikaa mbele, maana aliambiwa ni mchezo wa kufurahisha watoto. Vijiti vikazunguka, akatokea mtu mwenye upara wa baba na kifimbo cha baba, akifukiwa na mavi ya ng'ombe wake mwenyewe mpaka kikabaki kifimbo peke yake. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilikuwa namtazama baba. Mwanzoni na yeye alicheka, kwa kuwa alikuwa bado hajajijua. Maishani mwangu hakuna kilichoniuma kama kile kicheko chake.

Alipojitambua aliinuka akatoka. Watu wakazidi kucheka, isipokuwa Ma Kokugonza, mjane wa katekista, mwanamke mzee aliyekuwa hapandishi sauti kwa mtu. Alimgeukia kijana wa kwaya aliyechora ile michoro.

"Waitu mwanangu, Ijumaa yule mzee alinijazia kikapu," alimwambia. "Kimoja tu, tena amenuna. Lakini alinijazia. Nilikuwa nangoja cha pili. Sasa nani atakwenda kumgongea lango?"

Hakuna aliyekwenda. Na baba hakumpa mtu tena mpaka anaingia kaburini. Kibanja cha Ma Kokugonza kilichakaa, akaishia kununua ndizi sokoni, yeye aliyekuwa akigawa mikungu. Mimi nikaitwa binti wa mavi mpaka nilipoolewa, na mama yako aligoma kwenda shule kwa aibu. Mchezo ule ulikuwa wa kufundisha wema, na mle darasani sikumwona mwema hata mmoja, ila huyo mjane.

Sasa unajua kinachonisumbua. Jana jioni Ta Gosbert kanisimamisha njiani.

"Nasikia binti yenu anaonyesha sinema," aliniambia. "Kiti chenye egemeo kitakuwepo? Nakuja na wajukuu."

Nikamjibu kipo, nikaondoka haraka kama mwizi.

Mwanangu, hadithi yako usiifute. Uchoyo uchekwe, mlima uporomoke, watoto wapige makofi. Ila Ta Gosbert mtoe humo. Mwondolee ule mguu na lile koti, mpe tajiri wako sura isiyo ya mtu tunayemjua, hata awe fisi ukipenda. Kisha ongeza karatasi chache mwishoni: yule mama mwenye ng'ombe mmoja aje na jembe, amfukue. Najua ni kazi, na vidole vinakuuma. Lakini ukimfukia mtu na kumwacha humo, hata akitaka kubadilika atatokea wapi? Kumvua mtu nguo mbele ya wajukuu wake hakumfundishi kutoa, kunamfundisha kufunga lango kwa kufuli kubwa zaidi. Kama una neno na Ta Gosbert, chukua kikapu twende kwake mchana kweupe, umwambie kwa heshima. Nitakusindikiza. Anaweza kutufukuza, sikuahidi kitu. Lakini atakuwa amefukuza watu waliomwendea, si watu waliomcheka.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mkono usiochoka, na jicho la kumwona mtu kabla hujamchora. Kazi yako ipite nyumba hadi nyumba na isimwache yeyote akilia. Jumapili nitakaa kiti cha pembeni ya Ta Gosbert. Nataka aanze kucheka na watu, na amalize akicheka nao.