Mkono wa Shangazi Uliamuliwa Kwenye Kochi

Shangazi yangu ni msusi. Amesuka vichwa vya mtaa mzima katika saluni yenye viti vinne na feni inayolalamika kuliko wateja. Mwaka jana vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi. Kitana kikawa kinamponyoka. Kwa kuwa hakuuhisi tena unywele, akawa anakaza kupita kiasi.

"Shangazi, unanisuka au unaning'oa?" mteja mmoja alipiga kelele, machozi yakimlengalenga.

Mwenye saluni akacheka. "Uzee huo, dada. Kunja vidole, kunjua, endelea."

Nilimpeleka hospitali, na daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu ulikuwa unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Tatizo likiwa changa, alisema, matibabu huanza na gango, yaani kifaa cha kuzuia kifundo kisipinde, la kuvaa usiku, na kuupumzisha mkono, pengine na sindano. Lisipotulia, au msuli wa kidole gumba ukianza kukonda, upasuaji mdogo huufungulia mshipa nafasi, na nafuu yake mara nyingi hudumu zaidi. Nilidhani basi Shangazi angeulizwa anataka nini. Thubutu!

Gango alilivaa. Lakini kupumzika? Mwenye saluni alimpangia wateja hadi jioni, kisha akatangaza kwamba gango halisaidii kitu. Baba mkubwa, kaka yake Shangazi, naye alijimwaga kwenye kochi letu akaupiga marufuku upasuaji, kana kwamba kifundo kilikuwa chake.

"Kisu hakimgusi dada yangu. Akikatwa mkono, nani atamlisha?"

"Hakatwi mkono, baba mkubwa," nilisema. "Ni mshipa tu—"

"Wewe na digrii yako, tulia."

Shangazi alikuwa jikoni, akihangaika kufungua chupa ya mafuta. Hakuna aliyemwita.

Miezi ikapita, ganzi ikazidi hadi ikawa inamwamsha usiku. Tuliporudi hospitali, baba mkubwa alifuatana nasi ili ajibu maswali. Daktari alimwambia Shangazi afumbe macho, akamgusa vidole kwa pamba.

"Nimegusa wapi?"

"Si hujaanza bado?" Shangazi alisema.

Daktari alikuwa ameshagusa vidole vitatu. Baba mkubwa aliinama kuutazama mkono. Chini ya kidole gumba, msuli ulikuwa umebonyea.

"Mapema, huenda gango na sindano vingetosha," daktari alisema. "Sasa nashauri upasuaji. Siahidi kwamba hisia zote zitarudi."

"Basi tutakaa kikao cha familia, halafu—"

"Kikao cha mkono wa nani, kaka?" Shangazi alifumbua macho. "Daktari, nipasue."

Alipasuliwa. Sasa analala usiku kucha, na vidole viwili vinauhisi unywele. Kidole gumba bado ni dhaifu, na daktari hana hakika kama kitapata nguvu tena. Baba mkubwa anawaambia watu kwamba upasuaji ulikuwa wazo lake. Mwenye saluni anapiga simu kila asubuhi kuuliza atarudi lini. Shangazi huitazama simu, huiacha iite, kisha huendelea kukunja na kukunjua vidole, polepole, kama alivyoelekezwa na daktari.