Nambari za Pembeni mwa Filamu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio moja ya picha katikati ya jiji la Nairobi, sikugusa kamera. Fundi Mkuu wa chumba cha giza, kinamosafishiwa filamu, Bwana Mutua, alinipa kipima mwanga, kidude cha kutosha kiganjani chenye sindano, akanipeleka mlangoni.

"Pima ule ukuta mweupe." Nikapima. "Sasa pima uso wangu." Sindano ikaanguka.

"Umeona? Hiyo mashine haina akili. Ukiielekeza kwa kitu cheupe, inadhani mwanga umezidi, inakuambia upunguze. Ukipunguza, mimi mtoto wa Ukambani nageuka makaa." Alicheka peke yake. "Pima uso, kijana. Usipime nguo."

Mwanga hudhibitiwa kwa njia mbili: tundu la lenzi, unalolipanua au kulibana, na shata, kilango cha ndani ya kamera kinachofunguka kwa muda mrefu au mfupi. Filamu ikikosa mwanga, kilichokuwa kivulini hakiandikwi kabisa, na huwezi kukirekebisha baadaye kwa sababu hakipo. Hayo yote niliyajua kufikia mwaka wa pili, Meneja aliponiruhusu kupiga arusi peke yangu.

Ilikuwa mtaa wa Loresho, bustanini, saa sita mchana. Bibi arusi, Wanjiru, alimketisha nyanya yake kando ya gauni lake jeupe.

"Wewe wa kamera," cucu, kama Wakikuyu wamwitavyo nyanya, aliniita, "ile picha ya kitambulisho ilinifanya mwizi wa kuku. Leo nitoe vizuri."

Kitambaa alichofunga kichwani kilimtupia kivuli usoni. Flashi ingekiondoa, lakini nilikuwa nimeiacha studioni kwa kuwa ni nzito. Ningeweza basi kumsogelea nipime uso wake. Niliona aibu, wageni wangesema huyu bado anajifunza. Nikaelekeza kipima mwanga kwenye gauni, palepale niliposimama, nikabana tundu, nikapiga.

Wiki mbili baadaye cucu alifariki. Wanjiru alikuja kutaka picha ile ikuzwe kwa ajili ya mazishi. Meneja alimwonyesha.

"Huyu si cucu wangu. Hiki ni kitambaa na shimo."

Meneja alituita mimi na Mutua. "Nani ameharibu?"

"Dawa ya kusafishia filamu ilikuwa imezeeka," nilisema, kabla Mutua hajafungua mdomo.

Mutua aliinua negativu, kile kipande cha filamu iliyosafishwa, dirishani. Kiwanda huchapa nambari pembeni mwa filamu, nazo hujitokeza ikisafishwa. Dawa ikiwa dhaifu, nambari hufifia pamoja na picha. Hizi zilikuwa nyeusi tititi. Kosa lilikuwa la aliyeshika kamera.

"Meneja, tazama hizi nambari."

"Mimi sitaki nambari, nataka uso!" Meneja hakujua kazi ya chumba cha giza. Akanigeukia. "Zina maana gani?"

"Hazina maana," nilijibu.

Mutua alifutwa kazi siku hiyohiyo. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya meza, akaondoka bila kunitazama. Negativu niliichukua mimi.

Tangu hapo nilipima kila uso. Nilipiga arusi za mtaa wa Karen na mahafali mengi hadi nikastaafu, na watu walinisifu kwa uangalifu wangu. Sikuwahi kuwaambia nilikojifunzia. Ninyi mnaopiga kwa simu mna bahati: gusa uso wa nyanya yako kwenye kioo, simu itaupima huo badala ya nguo. Ni kazi ya sekunde moja. Wanjiru nilimtafuta baadaye, lakini familia ilikuwa imehama.

Mutua nilimpata mwaka jana, Kileleshwa, kwa binti yake. Nilimpa negativu. Akaipeleka dirishani kama zamani.

"Bado zimekolea," alisema.

"Ndiyo, Fundi. Kosa lilikuwa langu, na nilijua. Nisamehe."

"Mimi nilijua. Mke wangu ndiye hakujua. Mpaka anakufa aliamini nililala kazini, nikaacha dawa izeeke, na watoto wakalelewa na hiyo hadithi."

Alinirudishia negativu, akaonyesha mlango wa ndani kwa kidevu.

"Binti yangu yuko jikoni. Nenda umweleze hizo nambari zina maana gani."

Niliweka chini kikombe cha chai niliyokaribishwa, nikainuka.