Kasha la Mpaka Nione

Mume wangu mtaa mzima wanamwita Mpaka Nione. Jina hilo hakupewa na adui, alijipa mwenyewe kwa kulisema kila siku. Mwambie chai iko tayari, mpaka aone. Mwambie umeme umerudi, atatoka nje kutazama taa za jirani. Nilipomwambia nina mimba ya mtoto wetu wa kwanza, alitaka nipime tena mbele yake, na nilipomnunia alishangaa kweli, maana kwake yeye kuhakikisha ndiko kupenda.

Ana studio ya picha na video, chumba kimoja mbele ya nyumba yetu. Yeye anapiga harusi, mdogo wake anazihariri, mimi nakata picha za pasipoti na kufunga fremu. Huyo shemeji yangu tumekaa naye tangu wazazi wao walipofariki, sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na hajawahi kukabidhiwa ufunguo wa studio. Ufunguo uko shingoni mwa mume wangu, hata akioga. Na kila kitu chake, kuanzia lenzi, bisibisi, hadi huo ufunguo wenyewe, kina tone la rangi yangu nyekundu ya kucha, mtu asije akambadilishia.

Basi kompyuta yake ikafa. Fundi akasema imeungua ila diski ni nzima. Mume wangu aliing'oa diski mwenyewe, akaigeuza kulitafuta tone jekundu, akaliona, ndipo akapumua. Harusi zote za msimu zilikuwa humo na hazikuwa mahali pengine popote. Sasa ilihitajika kasha la nje, kile kiboksi cha bati unachotia diski ndani ukakiunga kwa kebo kwenye kompyuta nyingine. Akamtuma mdogo wake dukani.

Shemeji alirudi amechelewa, na boksi lilikuwa limechanwa stika.

"Hili limefunguliwa," mume wangu akasema.

"Nimelifungua mimi, kaka, palepale dukani. Nilitaka kuhakikisha ndilo lenyewe. Nikikuletea silo, si utanirudisha?"

"Mmh."

Hiyo "mmh" naifahamu vizuri. Ikimtoka hiyo, hakuna anayelala salama humu ndani.

Alifungua kifuniko, akachomeka diski kwa kuiinamisha, akailaza, akakaza kiskrubu chake kidogo kama punje ya mtama, akabandika kile kibandiko laini cha kupitisha joto. Kebo fupi iliyokuja ndani ya boksi hakuigusa. Vitu vya bure haviamini. Alitoa kebo yake mwenyewe kwenye droo, ndefu, yenye tone jekundu.

Harusi zote zikaonekana. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaanza kunakili. Yeye akafungua programu ya kupima kasi. Boksi limeandika megabaiti elfu moja kwa sekunde, kioo kikasema arobaini. Akapima tena, arobaini. Akaihamishia kebo kwenye tundu jingine la kompyuta, akafunga programu nyingine zote, akanichomolea hata pasi yangu ukutani. Arobaini na moja.

"Dukani muda wote ule ulikuwa unafanya nini?" akamuuliza mdogo wake bila kumtazama.

"Foleni."

"Foleni ya makasha?"

"Kaka, unataka kusema nini?"

"Mimi sisemi kitu. Nasema tu kuna kasha halisi na kuna kasha bandia, na hili limenifikia limeshachanwa. Kikulacho ki nguoni mwako."

Shemeji alivua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu, akaingia chumbani kwake. Tukasikia zipu ya begi. Mimi nilipandwa na hasira mpaka mkasi ukapotea njia, nikamkata mteja sikio kwenye picha. Mtu amekula nasi sahani moja miaka yote hii, leo anaitwa mwizi kwa sababu ya namba kwenye kioo!

"Narudisha hili kasha," mume wangu akasema, akaanza kulipanga kwenye boksi. Nikaiokota ile kebo fupi, bado imefungwa na kiwaya chake.

"Na hii je?"

"Hiyo ya bure. Siiamini."

"Iunge."

"Ya nini?"

"Umesema kasha ni bandia. Mimi nami mpaka nione."

Akaiunga ili aninyamazishe tu. Akapima. Mia tisa na arobaini. Akapima tena, hivyohivyo. Akaichukua kebo yake ndefu, akalitazama lile tone jekundu. Mimi nilishaikumbuka. Ilikuja na simu yake ya zamani, kebo ya kuchajia tu, ambayo picha moja huipitisha huku ugali unaiva.

"Nguo zako hizo," nikamwambia. "Droo yako hiyo."

Shemeji akatokea na begi begani. Mume wangu alikuwa ameshaanza kunakili zile harusi, akamgeuzia kioo huku anacheka, kama mtu aliyemaliza kazi. "Njoo uone! Kumbe ni kebo."

"Naona."

"Basi yamekwisha."

"Kasha umelipima, kaka. Ukahamisha tundu, ukapima tena, ukachomoa na pasi ya watu, ndipo ukalihukumu. Mimi hukunipima hata mara moja." Akanigeukia. "Shemeji, asante kwa yote." Akatoka.

Mume wangu, ambaye haendi hata msalani bila kufunga studio, aliinuka akakimbia bila viatu. Kamera iko mezani, harusi zinanakiliwa, mlango wazi. Nikasimama mlangoni kuvilinda, maana na mimi ameniambukiza.

Alimfikia kwenye kona. Maneno sikuyasikia. Nilimwona anavua kamba shingoni, ikamkwama sikioni, akaivuta, akamnyooshea mdogo wake ufunguo. Begi bado lilikuwa begani.

Shemeji aliupokea. Kabla ya kufanya lolote aliugeuza upande wa pili, akalitafuta tone jekundu, na mume wangu akasimama pale peku, akimsubiri mpaka aone.